Anamwona Nani

Mkono ulifika Kizota Jumanne, ndani ya sanduku la mbao,
umeviringishwa nailoni kama godoro la bibi harusi.
Mlinzi akauandika kwenye daftari la wageni.
Jina: Mkono. Anatoka: bandarini. Anamwona nani:
hapo akasita, akalamba kalamu, akaandika: Ndahani.

Tulicheka. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Mimi kazi yangu ni grenda. Nakuja nyuma ya moto.
Miaka kumi na mmoja nimesoma mishono ya Ndahani kwa kiganja
kabla ya jicho, kama unavyopapasa paji la mtoto
kujua homa imepanda au imeshuka.
Mshono wake ulilala magamba magamba,
perege wa Hombolo aliyetoka majini sasa hivi.
Ila pale chasisi inapokunja kona
palikuwa na kijinundu, kama punje ya uwele.
Kila trela. Kona ile ile.
Nilikisaga. Sikumwuliza.

Mhandisi alikuwa kijana mpole, wala si mtu wa kumchukia.
Alisema: Mzee, wewe ushike tu, uuongoze,
wenyewe utakumbuka.
Ndahani akaushika kifundoni
kama anavyoshikwa mtoto anayeanza kuandika.
Siku tatu. Hapa polepole. Hapa nusu mwezi, nusu mwezi.
Hapa usiwe na pupa, bati jembamba hili, litatoboka.
Alikuwa anauambia kwa mdomo, mara nyingine kwa Kigogo,
ingawa alishaelezwa kwamba hauna masikio.

Mkono mtupu haulambwi, walisema waliosema.
Huu haukuwa mtupu, jamani.
Ulikuwa umemjaa yeye.

Zamu ya usiku tulikuwa na wachomeleaji wanne.
Sasa yuko Sogoli, anabonyeza kitufe cha kijani, anapiga miayo.
Mkono hauumwi macho.
Haurudi nyumbani na mchanga kopeni,
mke akate kiazi mviringo, vipande viwili, aufunike,
ulale chali ukisikiliza redio usiyoweza kuizima.
Nakiri: hilo sikulililia.
Na moshi ule sikuulilia. Chiduo aliukohoa mpaka ukaondoka naye.
Lakini ada ya Mbeleje, kidato cha pili,
ilitoka kwenye moshi huo huo.

Barua ilikuwa na aya mbili.
Ya pili ilikuwa shukrani.

Juzi umeme ukakatika. Mkono ukaganda hewani
kama mtu aliyesahau neno katikati ya salamu.
Umeme uliporudi ukaendelea, ukafika kona,
ukatulia.
Sekunde moja, labda na nusu. Kisha ukaenda.
Trela lililofuata: ukafika, ukatulia, ukaenda.

Ndipo nikakielewa kile kijinundu.
Hapo ndipo Ndahani alipokuwa akihamisha goti,
lile la kushoto, aliloliumiza machimboni ujanani,
na moto ukamngoja, na chuma kikavimba kidogo.
Mkono hauna goti.
Unalisubiri tu.

Mhandisi hajaona. Siku akiona ataifuta sekunde ile,
na hesabu itamuunga mkono:
matrela arobaini kwa mwezi, kona nne kila moja.

Jumapili nilipita Nkuhungu. Yuko chini ya turubai,
mashine ya kukodi, geti la mtu asiyelipa hata nusu.
Alininyooshea kiwiko nikisalimie, viganja masizi matupu.
Akauliza, bila kuinua uso:
Mwanafunzi wangu hajambo?
Hajambo, nikasema.
Nikataka kuongeza. Nikanunua karanga kwa jirani,
nikaondoka nazo mkononi bila kuzila.

Usiku huu nimefika kona.
Nimezima grenda. Kijinundu bado kina joto,
nakisikia kupitia glovu.
Mteja atakayekiona, aje alalamike.
Nimekiacha.