Boksi Mbili, Mtaa wa Aggrey

Boksi la kushoto ni la bia nyeusi.
La kulia nyepesi, rangi ya chai iliyonyimwa majani.
Nazigeuza, nasoma kwa miwani ya Ndeshi,
mimi niliyekagua chupa kiwandani miaka ishirini na mbili,
bia ya wenyewe ikinipita puani.

Ndoo. Mpira wa kunyonyea. Kipimajoto.
Hamira kipakiti, kama dawa ya minyoo.
“Hifadhi penye ubaridi, nyuzi kumi na nane.”
Kumi na nane! Tabata, Februari,
bomba lenyewe linatoa maji yaliyokwisha anza safari ya chai.

Nampigia Ndeshi. Anacheka hadi salio linakata kauli.
Napiga tena kwa simu ya muuzaji.
“Kwetu Kibosho hamira haipimwi homa.
Mama alichovya kidole, akanyamaza, akajua.
Lete ndoo tu, yenye mfuniko wa kubana.
Ulezi upo. Ndizi nitaagiza.”

“Mzee, lipi?” Muuzaji anataka simu yake.

Nikachukua jeusi. Karatasi yake ilikiri, kwa maandishi madogo,
kwamba joto linalivumilia kidogo.

Sasa ndoo imekalia bafu letu,
imejitanda kanga mbichi kama mzazi wa juzi,
nasi tunaogea uani, gizani, kwa kopo.
Usiku nasikiliza: bluku.
Kimya.
Bluku.

“Ya arobaini na moja,” anasema Ndeshi,
aliyeapa, tangu saa tatu,
kwamba amelala.