Kidato Kimoja

Treni ya mabehewa mawili imenishusha saa tano kasorobo,
mimi, mkoba, na goti la kushoto lisilopenda baridi.
Whitby. Hakuna aliyekuja kunipokea.
Harufu ndiyo iliyonitambua kwanza:
moshi wa mwaloni, samaki aliyepasuliwa mgongo
akatundikwa juu ya vumbi la mbao.
Nyumba ya moshi ingali nyeusi ndani kama tako la sufuria.
Muuzaji si yule wa zamani. Huyu ana hereni,
amenifungia wawili katika karatasi, akaniita mpenzi,
kama wanavyomwita hapa kila mtu, hata anayewadai.
Mara ya kwanza kuitwa hivyo nilinuna siku nzima.
Mshangama alicheka mpaka akaketi barabarani.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Bi Thackray hakungoja ya tatu:
alinipa ndoo, ufunguo wa stoo, mashuka ya vyumba sita,
na sweta la marehemu mumewe,
la buluu, zito, lenye mafundo ya kamba kifuani.
Kila kijiji na mfumo wake, alisema,
ili bahari ikikutapika, watu wajue wakupeleke wapi.
Nililivaa majira matatu ya baridi
nikijiuliza, mimi wa Pangani,
ikinitapika, watanipeleka wapi.

Mlango wake sasa umepakwa rangi ya pistachio.
Pembeni kuna kisanduku cha tarakimu;
wageni wa wikendi hubonyeza, ufunguo ukaanguka,
hakuna anayewauliza kama wamekula.

Nimesimama darajani, kengele ikalia.
Bado linagawanyika vilevile, taratibu, kama watu wazima
wanaoachana bila kelele,
mashua moja ipite, kisha lirudiane.
Hapa ndipo tulipojuana: yeye ng'ambo ya soko la samaki,
mpishi aliyeachwa na meli yake,
mimi ng'ambo ya kanisa na kapu la mashuka.
Alipaza sauti juu ya maji, kwa Kiswahili cha Moroni,
"Dada, hiyo kanga umeitoa wapi?"
Wazungu wote wakageuka kuitazama kanga yangu.

Na ngazi. Nilijua nitazifikia.
Kila Jumapili tulizipanda hadi kanisani juu,
si kusali, kubishana.
Mimi nilihesabu vidato mia na tisini na tisa,
kama walivyohesabu wenyeji na babu zao.
Yeye mia na tisini na nane.
Kila Jumapili. Miaka mitatu, kisha Leeds, kisha watoto,
kisha hata hospitali, mipira puani,
alininyoshea vidole, tisa, kisha nane,
na muuguzi akadhani anataka maji.

Leo nimepanda kwa sauti, moja, mbili,
bila aibu, watalii wakinipisha.
Njiani kuna mabenchi; zamani, wanasema,
wachukuzi wa jeneza walilitua hapo wapumue.
Nimekaa. Goti limedai.
Mshangama hakupita njia hii;
tulimzika Leeds, Januari, udongo mgumu kama tofali,
mashine ikachimba kwa sababu sepetu ilikataa.
Shakwe ametua karibu, akautazama mkoba wangu wa samaki
kwa jicho la mtoza kodi.
Nikainuka, nikaendelea nilipoishia.

Juu, upepo. Makaburi yameliwa na chumvi,
majina yote yamekwisha, yamebaki mawe yenye vishimo.
Chini, bandari nzima yaenea kiganjani.

Mia na tisini na nane.

Nimesimama pale, nimehema, nimekasirika.
Miaka yote ile, na leo ndiyo unashinda,
leo usipokuwepo nikukatalie.

Ama nimekiruka kile nilichokikalia.
Sitashuka kuhakikisha.
Nitashuka kwa sababu treni ni saa kumi,
na samaki wameanza kulowesha karatasi.