Kombo

"Hizi zinaitwa kombo," alisema Sekanabo
akifuta vumbi kwa mkono wa shati,
"spika na mashine, sanduku moja."
Kwetu kombo ni kisichonyooka,
na makombo ni yale anayoacha mkubwa sahanini.
Nikacheka peke yangu.
Nilikuwa nimetoka Gungu na laki nne na nusu ndani ya soksi,
faida ya mawese, misimu miwili.

Miaka kumi na tisa nimepiga ridhimu
kwenye amplifaya ya Songoro.
Tundu la kwanza lake, la pili langu.
Akipanda yeye, mimi nazama.
Ikikohoa jeki yake, nakohoa mimi.
Mwanga nzima inakumbuka solo ilivyolia Jumamosi ile;
waulize ridhimu alikuwa nani.

Basi nikakalia kreti ya soda, gitaa pajani.

La kwanza lilikuwa na wati mia
na vitufe kama vifungo vya joho la askofu.
"Bonyeza hapa, uko kanisani. Hapa, uko pangoni.
Hapa, wewe ni watu sita."
Nikabonyeza. Kweli tulikuwa sita,
na katika sita wale sikumwona wa kwetu hata mmoja.
Sauti safi kama sahani za wageni:
unaogopa kuzilia.

La pili lilikuwa chini ya meza,
limefunikwa gunia la chumvi ya Uvinza.
Wati kumi na tano. Kona moja imepondeka.
Karatasi ya spika ilichanika zamani,
ikazibwa kwa gundi ya viatu.
Lilivuka kutoka Kalemie, mwenyewe hakulifuata.
Hili haliamki upesi. Unawasha, unangoja kama maji ya chai,
vioo vile vya nyuma vinashika rangi ya mawese,
kisha linavuma, mmm,
ile mmm ya mtu anayesikiliza kabla hajajibu.

Volyumu mbili: safi.
Nne: bado safi, ila ina unyevunyevu.
Saba: sauti ikaota magamba,
kama mgebuka ukimpapasa kinyumenyume.
Nilipogusa, likanong'ona.
Nilipokwaruza, likafoka,
na kidole changu cha mwisho, kile kivivu,
likakitaja mbele ya watu.

"Ukumbini halitoshi," alisema Sekanabo. "Ngoma zitalimeza."
Nikamwambia nitaliwekea maikrofoni mdomoni.
Kelele hukodishwa, ndugu yangu.
Sauti, sijaona duka.

Ndipo umeme ukakatika.
Feni ikafa. Redio ikafa katikati ya jina la marehemu.
Taa nyekundu ya lile la wati mia ikafa, tap.
Hili la kombo likaendelea,
sekunde moja, ya pili,
noti ikishuka, ikishuka,
mpaka likanyamaza kwa hiari yake.
Dukani hakuna aliyesema kitu.
Hata mteja wa betri.

"Laki tano."
"Nne."
"Vioo ni vya asili."
"Kona je?"
Tukakutana nne na ishirini, gunia juu yake.
Bodaboda akadai nauli ya watu wawili.
Nikalipa; nililipakata njia nzima kama mgonjwa.

Usiku Gungu umeme ulirudi mwembamba, balbu ya njano.
Nikachomeka. Tundu la kwanza.
Mkono ulikwenda wenyewe kwenye la pili, nikaurudisha.
Nikapiga ridhimu tupu, bila solo juu yake,
na kwa mara ya kwanza nikasikia
kwamba nimekuwa nikiharakisha, miaka yote hii,
kidogo tu, kila nikikaribia kugeuka.

Mama Gwasa akagonga ukuta.
Nikapunguza.
Akagonga tena. Nikazima kabisa,
vioo vikibaki na wekundu wao gizani.

"Wewe," sauti ikapita kwenye matofali,
"mbona umeacha?"