Kopo la Sambaza

Nzigire amenirudishia kopo langu.
Hakulitupa. Amelisimamisha mezani
kama mtu aliyeleta shahidi.
Ndani, pale sambaza mbichi hulala na maji yao,
vidoa vyekundu, vidogo kama punje za ulezi.

"Miezi miwili, Mugaruka. Ulipaka uongo."

Sikupaka kitu, mama. Sogea mlangoni, kwenye mwanga.
Bamba lilikuja jipya, jeupe, bei ya chini,
nami nikaikaribisha bei kabla ya kuuliza ukoo.
Pitisha ukucha. Polepole.
Unasikia unavyokwamakwama?
Chini ya weupe huu kuna chuma,
na kinu kilichokikanda kilikiacha na vilima;
jicho halivioni, ukucha unavijua.

Bati ni shuka jembamba kama pumzi juu ya kioo.
Litandike juu ya mawe:
mabonde yanashiba, vilele vinabaki uchi.
Na kutu haihitaji mlango,
tundu la sindano linaitosha.
(Toa herufi mbili katikati ya Kadutu,
uone kinachobaki.)

Sasa shika hili kuukuu, la maziwa ya unga.
Chuma chake kilisuguliwa hadi kikanyamaza.
Mwaka wa sita huu linakinga mvua ya paa langu
na bado najiona humo ninaponyoa ndevu.
Lina ila yake pia: halishiki rangi.
Majina ya wadeni wangu niliyoyaandika ubavuni
yamebanduka yote, na wadeni nao.

Mdogo wangu Bisimwa aliyabeba mawe hayo meusi
huko juu Kalehe, kilo hamsini mgongoni,
utelezi, mvua, kamba ikimla paji la uso.
Hakuwahi kuona yakigeuka meupe.
Yalishuka yakiwa mlima,
yakarudi yakiwa ngozi ya kopo la nyanya,
na sisi tunayanunua kwa kipande, tukiombana punguzo.

Nzigire amesikiliza yote hayo, mikono kiunoni.
"Hadithi nzuri. Kopo langu?"

Nimempa la maziwa. Hakushukuru.
Ametoka akipapasa kila bamba kizingitini,
mawili ameyatikisia kichwa.

Leo alfajiri, kabla sijawasha jiko la kulehemu,
wanawake wanne wa soko la samaki wako mlangoni.
Hakuna aliyeuliza bei.
Wamenyoosha kucha.