Kielelezo P1

Alhamisi, saa nne kasorobo, na ukungu
bado umeikalia Newala kama mgeni asiyeaga.
Nyuma ya mahakama, penye shimo la kuchomea karatasi,
tumesimama watu saba na mbuzi mmoja asiyehusika:
hakimu, mwendesha mashtaka, bwana afya,
Konstebo Chitanda na dumu lake la mafuta ya taa,
mjumbe wa mtaa aliyeitwa ashuhudie,
mimi karani na daftari langu,
na Bi Somoe Nampembe, ambaye hakuitwa.

Nasoma kwa sauti, ndivyo inavyotakiwa:
viroba viwili, kilo kumi na moja,
majani makavu yadhaniwayo kuwa bangi.
"Hayadhaniwi tena," hakimu anasema,
"mkemia alishathibitisha."
Nakata. Naandika upya.

Mwenye viroba yuko Lilungu, anafuma mikeka ya serikali.
Alilima katikati ya mikorosho ya babu yake
mwaka ule salfa ilipochelewa,
ubwiri ukala maua yote,
na mnadani bei ikashuka hadi watu wakacheka.
Kizimbani hakusema lolote kati ya hayo.
Alisema, "Ni kweli, mheshimiwa."
Maneno matatu. Kila neno likamzalia mwaka.

Kiberiti kimeloa. Tunasubiri kingine, na kusubiri huleta maneno.
Chitanda amesikia redioni ziko nchi wanauza dukani,
unapewa na risiti.
"Risiti!" Mjumbe anapiga kofi.
"Basi na sisi tuuze, ushuru utuletee bomba,
maana ndoo hii ya kuzimia moto nimeinunua mia tano."
Bwana afya anakohoa: "Na vijana je?"
"Vijana wanavuta sasa hivi, bure, bila ushuru."
Hakimu anatazama saa. Sheria ni sheria.

Mimi sikusema kitu. Karani huandika.
Lakini majalada ninayo, na nimehesabu:
kila msimu wa mabibo, kesi za mapanga kumi na tisa, ishirini,
na walioletwa wote walinuka uraka,
uraka ule ule uuzwao pale ng'ambo, kwenye ndoo ya bluu,
muuzaji akiwa na tiketi ya soko.
Hakuna aliyeniuliza hesabu hiyo.

Na hakuna aliyeniuliza habari za Faraji, mdogo wangu,
aliyeanza na kete moja ya kufukuza usingizi
alipokuwa mlinzi wa ghala la korosho.
Sasa huvua viatu mbele ya kila mlango,
mlango wa gari, mlango wa kabati,
anaviweka sambamba, anabisha hodi, anangoja.
Daktari wa Ligula alisema huenda ni jani,
huenda ugonjwa ulikuwepo, jani likaufungulia tu.
Huenda.
Daftari langu halina safu ya neno hilo.

Kiberiti kimekuja. Moto umeshika.
Kisha upepo ukapanda kutoka bonde la Ruvuma,
ukageuka pale pembeni mwa choo,
na moshi, ambao haukuapishwa,
ukamwendea hakimu, ukamwendea mwendesha mashtaka,
ukapita dirishani kwa darasa la pili
waliokuwa wanaimba jedwali la sita.
Wote tukavuta, kwa amri ya mahakama.
Mbuzi akapiga chafya.
Chitanda akaanza kucheka mapema kidogo kuliko ilivyofaa.

Bi Somoe hakusogea.
Alisimama ndani ya moshi, macho yamefumba,
pua imeinuka kama anaonja mchuzi wa jirani.
"Kumbe ndiyo hii," akasema.
"Miaka yote aliniambia ni salfa."

Nikaandika: Kimeteketezwa, saa tano kasoro dakika kumi.
Nikapeleka daftari kwa sahihi. Mkono wa hakimu ulitetemeka,
au labda ni baridi.
Nilipogeuka, Bi Somoe ameshika mkono wa ndoo,
anauliza kama haya maji yaliyobaki
yana mwenyewe.