Matofali Mawili

Saa nane usiku, Szeged, theluji dirishani,
baba ameketi ukingoni mwa kitanda
ameshika kifua kama mtu aliyekamata kuku
asije akamponyoka.

"Ni moyo, Piroska. Waite."

Waliitwa juma lililopita, wakaja na nyaya zao;
mistari ya moyo wake ikaenda sawa
kama mshono wa cherehani.
Moyo hauna neno, baba.
Jirani yake ndiye mkorofi.

Miaka thelathini na moja amesaga pilipili nyekundu,
hadi leo kola ya koti lake ina wekundu usiofulika.
Supu ya samaki ailie saa nne ya usiku,
mafuta yakielea juu kama sarafu,
na kitunguu kibichi, na pombe kali ya plamu,
kisha chali, kama gogo.

Daktari Emőke alimchorea mgongoni mwa risiti
mfuko, na juu yake kimlango cha nyama.
"Humu mna tindikali, Mzee Vendel. Ndiyo kazi yake.
Mfuko umeizoea. Umio haujaizoea.
Ukilala umeshiba, kimlango hulegea,
nayo hufuata mteremko."
Baba akaikunja ile risiti
akaifanya alama ya ukurasa kwenye chemshabongo zake.

Kwake dawa ni magadi, kijiko kwa glasi,
kama mamaye, kama bibiye.
Hucheua kwa kishindo, hunitazama: "Umeona?"
Saa haipiti, moto umerudi na nduguze.

Leo nimechoka kubembeleza.
Nimeshuka ghalani nikatoa matofali mawili,
masalio ya jiko alilojenga mwaka niliozaliwa,
nikainua kitanda upande wa kichwa.
"Mji mzima ni tambarare," akafoka,
"wewe wanijengea kilima!"
Ndiyo, baba. Maji hayapandi kilima.
Nikamgeuza ubavu wa kushoto,
sufuria nikaitoa nje, roshanini, kwenye baridi.
Kesho ataila mapema, nusu bakuli.
Atalalamika.
Amekwisha kulalamika.

Alfajiri nasikia ubao wa jikoni ukilia.
Namkuta wima gizani, kijiko mkononi,
paji la uso limegusa kioo,
na nje sufuria imevaa kofia ya theluji.

"Haichomi tena?"
"Haichomi."
"Na kijiko?"
"Naangalia tu," asema.

Nikavuta kiti.
Tukaiangalia wote.