Nukta Pembeni mwa Kadi

Kadi ya mwanangu ina rangi tatu:
kijani, kijivu, nyekundu.
Kila mwezi, kwenye zahanati yetu ya Hombolo,
wanamvisha kaptula ya turubai,
wanamning'iniza kwenye mizani kama papai,
kisha nesi anaweka nukta ya wino.
Nukta za mwanangu zilipanda kijani tupu.
"Hongera, mama. Maziwa yako yana kitu."
Nikaitikia ahsante.
Hakuna aliyeuliza mimi niko rangi gani.

Mama mkwe alimwita Sechelela.
Kwetu Ugogoni maana yake ni furahi.
Usiku nikawa nalitamka jina hilo
kama mtu anayesoma bango la duka lililofungwa.
Furahi, nyonya.
Furahi, nyamaza.
Furahi, mama yako anatazama bati,
anahesabu misumari.

Watu hudhani ni kulia. Sikulia.
Ilikuwa kama upepo wa Agosti,
ule unaoleta vumbi hata dirisha likifungwa:
unakuta mchanga kwenye ugali, kwenye shuka, kwenye meno,
na hujui umepitia wapi.
Mlenda uliniungulia jikoni nikiutazama.
Kisimani nikaacha kwenda,
na sababu sikumwambia mtu.

Wakasema ni uvivu wa uzazi wa kwanza.
Wakasema kuna jicho la mtu.
Wifi akacheka: "Mpelekeni Mirembe!"
Neno hilo kwetu ni kofi.

Raheli, mhudumu wa afya wa kitongoji,
alikuja kuuliza habari za chandarua
akakuta mtoto analia, mimi nimekaa.
Hakunisema.
Alimbeba mgongoni, akaosha vyombo vya siku mbili,
akabandika maji ya uji,
ndipo akauliza: "Na wewe, unalala?"
Maji yalichemka kabla sijapata jibu.

Nesi Foibe alifunga mlango.
Alikuwa na karatasi ya maswali kumi.
La kumi aliliuliza taratibu, kalamu ameiweka chini:
umewahi kufikiria kujidhuru?
Nikasema: kisima.
Hakushika mdomo. Hakumwita mtu.
"Surua ina jina," akasema, "na hii ina jina.
Ni sonona, inawapata wazazi wengi. Inatibika."
Nilikuwa nadhani sonona ni neno la redioni.

Mjini, daktari wa Mirembe, ndiyo, huko huko,
aliandika kidonge kimoja, asubuhi, baada ya uji.
Na maziwa je?
"Nimeichagua hii kwa kuwa unanyonyesha.
Usiisubiri kesho. Hesabu wiki."
Ya kwanza ilikuwa kichefuchefu tu.
Ya tatu nikasikia harufu ya mvua.
Ya tano nikagombana na wifi juu ya chumvi,
na ugomvi ule, Mungu anisamehe, ulikuwa mtamu.

Alhamisi nilikaa na dada mmoja mshauri,
viti viwili na kalenda ya mwaka juzi.
Yeye hakuwa na dawa, alikuwa na saa nzima.
Nyumbani Ndahani akachukua zamu ya saa nane usiku,
akimbembeleza mtoto kwa hesabu za kreti za zabibu,
akikosea, akianza upya.

Jioni moja mama mkwe, akipepeta uwele,
alisema bila kuniangalia:
"Nilipomzaa huyo mumeo
nilikaa jikoni mvua nzima, machozi yananitoka.
Tulisema ni moshi."
Akaendelea kupepeta.

Siku ya chanjo ya miezi tisa
Nesi Foibe aliweka nukta ya mtoto,
kisha akasogeza kalamu pembeni, penye nafasi tupu.
"Na hii ya kwako. Niiite rangi gani?"
Nikafikiri. Sikutaka kumdanganya.
"Kijivu," nikasema.
"Lakini weka juu juu, karibu na kijani."
Seche, chini ya benchi, alikuwa anakula udongo.
Nilimwona. Nikainuka haraka.